Mume wa Gunvor Anaishi Wapi?

Washington Olivera alikuwa anaondoka. Muulize yeyote aliyewahi kufanya kazi karakana ya tramu pale Norrköping, atakuuliza: yupi, yule Mruguai mwembamba wa breki? Yule anayeondoka? Alifika Swedeni mwaka 1976, kijana mwenye koti la kuazima, akiwakimbia wanajeshi walioikalia nchi yake. Siku ile ile alimwambia mama wa mapokezi asijisumbue kumtafutia blanketi zito, maana yeye hatakaa mpaka baridi ianze. Mama wa watu akamtazama, akatazama dirishani. Ilikuwa Novemba, na theluji ilishafika kwenye vizingiti.

Basi tangu siku hiyo akawa anaondoka kwa mdomo kila mwaka. Wanajeshi walipotoka madarakani, wenzake waligawanyika. Kuna waliofunga virago wakarudi kwao, na kuna waliochukua uraia wa Swedeni wakanunua magari ya Volvo. Washington hakufanya hili wala lile. Alibaki na pasipoti yake ya Uruguay, na kadi ya ukaazi ambayo kila baada ya miaka michache ilibidi akapigwe picha upya na kuibadilisha. Na kila akienda kwenye ile ofisi humwambia karani, "Hii ya mwisho, dada. Mwakani sipo." Makarani walistaafu mmoja baada ya mwingine, na yeye akaendelea kurudi.

"Si uchukue uraia tu, mwembamba wewe, uache kusumbua watu?" rafiki yake Etcheverry alimwambia siku moja klabuni kwa Waruguai.

"Wa nini? Mimi niko hapa kwa sasa."

Hilo "kwa sasa", jamani! Lilikaa katika nyumba ya Gunvor kama mpangaji asiyelipa kodi. Kwa sababu yake, Washington hakukubali kutoboa ukuta hata tundu moja, eti mwenye nyumba atawadai siku wakihama. Kioo kikubwa cha chumbani kiliegemezwa chini, na kwa miaka mingi Gunvor, mke wake wa ndoa, alijiona magoti na viatu tu kabla ya kwenda kazini. Kwenye kile kipande cha bustani walichopewa na manispaa, Washington alipanda viazi na maharagwe, na kitunguu akijisikia. Mti hakupanda. Mti unataka mtu wa kuungoja, alisema, na yeye siye.

Gunvor alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, na ndivyo walivyojuana. Washington alivunja jino kwa ule mkate mkavu wa Waswedi, mgumu kama kigae, akaingia pale ameshika shavu, anatukana kwa Kihispania. Gunvor hakuelewa neno, lakini alijua kabisa kwamba kinachotukanwa ni mkate. Alicheka mpaka daktari akamtoa nje. Ni mwanamke mrefu, mikono mikubwa, msema kweli hata pale ambapo kweli haijaombwa. Akizidishiwa chenji dukani atarudi na mvua kuirudisha. Alimpenda Washington tangu siku ya jino, na mpaka leo anampenda, na mimi nikimtazama namna anavyomkatia mkate ule kwa vipande vidogo ili asiumie tena, roho yangu inatulia.

Sasa kuna jambo moja ambalo Gunvor hakuambiwa. Mwaka wa themanini na tano Washington alirudi kwao Montevideo kwa mara ya kwanza, peke yake. Dada yake Nélida alimpokea kwa machozi. Halafu akatandika kitambaa cha meza kile cha wageni. Akamtolea taulo jipya, lebo ya duka bado inaning'inia. Na wakati wa chai akamuuliza, kwa mapenzi kabisa, "Sasa upo nasi mpaka lini?" Usiku Washington alilala na lile taulo usoni ili watu wa chumba cha pili wasimsikie. Aliporudi Norrköping alisema tu kwamba kulikuwa na joto. Angemwambia nani? Ukishawaambia watu kwamba kule ni kwenu, utawaambiaje kwamba kule umekuwa mgeni?

Akaendelea kuondoka, basi. Mpaka mwaka huu, ambapo shangazi yake Gunvor alifariki na kuacha nyumba ndogo ya mbao huko Arkösund, ufukweni. Aliyerithi ni Sture, binamu, na Sture hakuitaka. Akamwambia Gunvor: inunueni ninyi, lakini nataka jibu kabla kiangazi hakijaisha, kuna Wajerumani wanaizungukazunguka.

Gunvor aliitaka nyumba ile mpaka ikawa inamwingia ndotoni. Lakini jioni moja, akiwa anaosha vyombo, alisema bila kugeuka:

"Mimi sinunui nyumba na mtu anayeondoka, Washington."

"Nani kakwambia—"

"Wewe. Tangu nimekujua. Sasa sikiliza. Kwenda Uruguay mimi siendi, nina wajukuu hapa na umri wangu huu. Wewe kama unaenda, nenda. Sitakushika shati. Ila nataka nijue, maana nimechoka kukaa na mlango wazi."

Washington akafungua mdomo. Gunvor akainua mkono wenye povu.

"Usinijibu hapa, utasema lile neno lako, nikuvunjie sahani. Twende Genova, Italia, kwa treni, kule alikotoka bibi yako, kama tulivyosema siku zote. Tukifika Genova utanijibu. Ukisema unaondoka, nitakupeleka uwanja wa ndege mwenyewe, nitakubusu, nitarudi na basi. Lakini utanijibu."

Basi safari ikapangwa. Kuna pasi za treni zinazokupitisha nchi hata nchi bila kukata tiketi kila mahali, na ziko za aina mbili: ya wakazi wa Ulaya, na ya wageni watokao nje. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba hapo rangi ya pasipoti haihusiki. Hata uwe umezaliwa mwezini, ukiwa unaishi Swedeni, pasi yako ni ya wakazi, na mfukoni uwe na hati ya kuonyesha kwamba kweli unaishi. Ylva, binti yao, alimnunulia mama yake kwa simu, akataka amnunulie na baba.

"Niache. Mimi si mtoto," alisema Washington.

Akavaa miwani, akainamia simu. Ikamuuliza jina, akajibu. Ikamuuliza namba ya pasipoti, akajibu. Ikamuuliza: nchi unayoishi? Mtu mwingine yeyote angejibu huku anapiga mwayo. Lakini hili lilikuwa swali ambalo Washington Olivera hakuwahi kulijibu kwa binadamu, seuze kwa simu. Kidole kikaenda, kikarudi, kisha kikabonyeza Uruguay. Na ile simu, isiyojua lolote, ikamuuzia pasi ya wageni.

Wakaondoka Norrköping asubuhi njema. Kondakta wa Swedeni alipiga mlio wa mashine yake kwenye pasi akapita, wa Denmark vile vile. Gunvor alitoa maandazi ya iliki, Washington akatoa chupa ya maji ya moto na kile kibuyu chake cha mate, majani machungu ambayo Waruguai hunyonya kwa mrija kutwa nzima. Walikuwa na furaha. Gunvor alivua viatu akamwekea miguu mapajani, naye akaikanda huku anatazama visiwa vya watu.

Mpakani, kabla ya Flensburg, waliingia polisi wa Ujerumani wawili. Washington alitoa pasipoti, na kadi ya ukaazi juu yake, kama alivyozoea.

"Unaishi Swedeni?" aliuliza mmoja wao, kijana.

"Kwa sasa," alisema Washington.

Polisi akageuza kadi. "Hapa imeandikwa ya kudumu."

"Ndiyo, imeandikwa."

Kijana akacheka, akamrudishia, akaenda zake. Gunvor aliondoa miguu yake mapajani mwa mumewe, taratibu, akavaa viatu. Akageukia dirishani akawa anatazama ng'ombe. Washington aliliona hilo, na lilimuuma, lakini kinywa kile kimezoea, angekifanyaje? Aliisukuma kadi chini ya mfuko wa maandazi, akajimiminia mate na kuunguza ulimi.

Ndipo akaja kondakta mpya, mama wa makamo wa Kijerumani, miwani imening'inia kifuani, mcheshi.

"Habari za safari? Tiketi, tafadhali, na vitambulisho. Bibi Olivera... Swedeni. Safi. Na bwana Olivera..." Akapiga mlio wake, akasogeza simu ya Washington mbali na macho, akaisogeza karibu. "Uruguay! Lo, umetoka mbali. Ninyi ni ndugu?"

"Mume na mke," alisema Gunvor.

"Mume na mke! Mke anaishi Swedeni, mume anaishi Uruguay?"

"Ee," alisema Washington, na akahisi masikio yanapata moto, maana sasa hivi tu ndipo alipofahamu alichokibonyeza siku ile.

"Ndiyo siri ya ndoa ndefu hiyo!" Kondakta akacheka, akafungua pasipoti. Halafu akatulia kidogo, kama mtu wa kazi anavyotulia. "Samahani, bwana, inabidi niulize, maana siku hizi watu wanachanganya. Hii ni ya wageni. Wewe huna makazi Ulaya? Unaishi wapi hasa?"

Washington alifungua mdomo. Na kabla hajatoa sauti, Gunvor akajibu.

"Montevideo," alisema. "Anaishi Montevideo. Huwa anakuja kunitembelea."

Gunvor! Mwanamke anayerudi na mvua kurudisha chenji! Na hakusema kwa kubabaika kama mtu asiyezoea uongo. Alilisema polepole, sauti tambarare, macho kwa kondakta. Washington alimtazama mke wake upande wa uso, akatazama mkunjo ule wa shavuni anaoujua kuliko anavyoujua uso wake mwenyewe, na akapatwa na baridi kifuani, baridi ambayo Novemba zote za Norrköping hazikuwahi kumpa.

Kondakta aliridhika. Akarudisha pasipoti, na simu, akatabasamu kwa moyo wote.

"Haya bwana, karibu sana Ulaya. Umepapenda? Upo mpaka lini?"

Kwa kweli mama wa watu alikuwa anamkaribisha tu. Lakini Washington alisikia sauti ya Nélida, na akaliona lile taulo. Angeweza kunyamaza. Kila kitu kilikuwa kimekwisha, pasi imekubaliwa, kondakta ameshageukia kiti cha pili. Kunyamaza tu, na Genova hiyo.

"Mama, samahani," alisema. "Subiri."

Akauinua mfuko wa maandazi, sukari ikamwagika mezani, akaitoa kadi.

"Washington, nyamaza," Gunvor alinong'ona. "Amesharudisha."

"Mke wangu amesema uongo," Washington alimwambia kondakta. "Hajawahi kusema uongo maishani, leo amesema kwa ajili yangu, na mimi sitaki. Mimi siishi Montevideo. Naishi Norrköping, kwenye ghorofa la matofali nyuma ya karakana ya tramu, mlango wa kushoto. Tramu zote za mji ule nimezifunga breki kwa mikono hii. Nina binti pale, nina wajukuu, wananiita babu kwa Kihispania cha lafudhi mbaya. Si mgeni mimi. Naishi na huyu."

Abiria wa kiti cha upande wa pili alishusha gazeti.

Kondakta aliitazama kadi, akamtazama yeye, akavua miwani. "Bwana Olivera, mimi nilishamaliza na wewe. Unajua kwamba ukinionyesha hii, pasi yako haifai?"

"Najua."

"Na lazima nikukatie tiketi mpya?"

"Kata, mama."

"Watu wote wananidanganya mimi humu ndani," kondakta alisema, akiichomoa mashine yake mkobani, "wanafunzi, wanasheria, juzi padri. Wewe unanifuata kuniambia ukweli." Akamkatia mpaka Hamburg bila faini, akamwelekeza kwamba wakifika kule anunue pasi ya wakazi, na safari hii amwachie mtoto wake ajaze. Halafu akamshika Gunvor bega kidogo, akapita.

Walikaa. Treni ilipanda daraja refu la mfereji pale Rendsburg, meli zikapita chini kabisa, na hakuna aliyeziangalia. Washington alikuwa anakusanya sukari kwa ukingo wa kiganja, chembe kwa chembe, akingoja asikie kwamba amefanya vizuri. Binadamu ndivyo tulivyo. Ukisema kweli mara moja, unataka upigiwe makofi.

"Haukuwa uongo," alisema Gunvor.

"Nini?"

"Nilichomwambia. Unasema nimedanganya kwa ajili yako. Sikudanganya, Washington. Ndivyo nilivyokuwa najua. Kwamba wewe unaishi kule, na kwamba unakuja kunitembelea."

Mkono wa Washington ulisimama juu ya sukari.

"Tangu lini?"

"Tangu Ylva hajatambaa. Nilikaa nikawaza, huyu mtu hatakuja kufika hapa. Nikajiuliza, naweza kuishi naye hivyo hivyo? Nikaona naweza. Basi nikaacha kungoja." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ulikuwa mgeni mzuri. Sikujuta. Lakini kila ukitoka kwenda kazini nilikuwa nakuaga vizuri, kwa sababu huwezi kujua."

Na ni kweli. Kila asubuhi, miaka yote ile, Gunvor alikuwa anamfuata mpaka mlangoni na kumfunga kifungo cha juu cha koti. Washington alidhani ni kwa ajili ya baridi.

Alilia. Mzee mzima, kwenye treni, mchana kweupe, mbele ya yule wa gazeti. Gunvor alimwacha alie, maana ni mtu wa haki na aliona anastahili. Alipoona machozi yametosha, akampa kitambaa cha karatasi kilichofungiwa maandazi.

"Nilirudi kule wakanitolea taulo la wageni," Washington alisema kwa shida. "Nilikuongopea kuhusu joto."

"Joto gani?"

Akamweleza. Alimweleza kuhusu Nélida na kitambaa cha meza, na lebo ya duka, mpaka likaisha lote. Gunvor alisikiliza, mdomo wazi. Kisha akampiga begani kwa ule mkono wake mkubwa, pa!

"Mjinga wewe! Mjinga kabisa! Ungeniambia ningezitoboa kuta zote za nyumba ile kwa kichwa chako!"

"Nisamehe, bibie."

"Nitaona." Lakini alikuwa ameshamwegemea. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, wakinusa iliki. Baada ya muda Gunvor akatoa simu, akatafuta jina la Sture, akamsukumia mumewe mapajani.

"Piga wewe."

"Mimi? Ni binamu yako! Kiswedi changu cha simu unakijua!"

"Nyumba ni yako na yangu. Piga."

Washington akapiga. Alisimama kabisa, kama yuko mbele ya mkuu wa kituo, kidole kimoja kwenye sikio la pili. Gunvor alisikia upande wake tu. Jina lake, na la baba yake, kama vile Sture hamjui. Kisha "ndiyo" mara kadhaa. Kisha swali, kelele za treni zikalimeza. Kisha akashusha simu, akaifunika kwa kiganja, uso una wasiwasi wa kweli.

"Anasema gari la manispaa la kuzoa theluji halifiki kule. Linaishia njia panda."

"Ee, halifiki. Miaka yote."

"Anasema kuanzia njia panda mpaka mlangoni tutazoa wenyewe. Januari, Februari, yote."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemuuliza koleo liko wapi."